Kampuni za bonde la Kilombero zifuate tiketi ya mzani kabla ya kununua programu

Masika yanapokwisha na njia za mashambani kuanza kukauka, biashara katika vijiji vya Sanje, Msolwa na Mang'ula hadi Kidatu huamka upya. Wenye malori hutafuta kazi ya kusomba miwa, vikundi vya wakataji huandikishwa, wenye maduka ya pembejeo huanza kudai madeni yao, na vyama vya wakulima hufungua madaftari ya msimu mpya. Huo pia ndio wakati ambapo viongozi wa vyama na wenye kampuni ndogo huletewa bei za programu za kompyuta za kuendesha biashara, wakiambiwa kuwa programu hizo zitamaliza matatizo yao yote ya hesabu.

Swali la kwanza ambalo mnunuzi huuliza ni bei. La pili ni kama programu hiyo "inafanya kila kitu". Maswali yote mawili yana mahali pake, lakini hayafai kuwa ya kuanzia. Kampuni au chama cha ushirika kinachotaka programu kinapaswa kwanza kukaa chini na kuandika chenyewe kazi ambazo programu hiyo itafanya. Kwa bonde la Kilombero, orodha hiyo haina budi kuanzia kwenye tiketi ya mzani, kwa sababu hapo ndipo fedha ya mkulima, ya mwenye lori na ya chama inapozaliwa, na hapo ndipo inapoweza kupotea.

FUNZO LA HAZINA

Tanzania ina uzoefu wa zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine kubwa zaidi. Kazi hiyo ilishindikana, fedha nyingi zikapotea, na hesabu zikarudishwa kufanywa kwa mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla masharti hayo hayajalegezwa.

Miongoni mwa sababu zilizotajwa baadaye ni uhaba wa wataalamu wazalendo na maandalizi hafifu. Kwa maneno mengine, mashine ilitangulia na kazi yake ikatafutwa baadaye. Kompyuta za leo ni rahisi na zinabebwa mkononi, lakini kosa lile lile bado linawezekana, na chama cha wakulima 400 hakina Hazina ya kufidia hasara.

MUWA HAUSUBIRI

Sanje ipo chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara. Mnunuzi wa miwa inayolimwa huku ni Kampuni ya Sukari Kilombero, ambayo ilibinafsishwa mwaka 1998 kwa wabia wakiongozwa na Illovo ya Afrika Kusini, Serikali ikabaki na asilimia 25 ya hisa. Mkulima wa nje hapangi bei kila siku kama muuza nyanya. Malipo yake hutokana na mambo mawili yanayopimwa kiwandani: uzito wa miwa na kiasi cha sukari kilichomo ndani yake.

Kati ya shamba na malipo hayo kuna hatua nyingi. Mashamba madogo huunganishwa katika bloku moja ili yachomwe na kuvunwa pamoja. Moto ukishapita, muwa huanza kupoteza sukari, na kila siku inayopita kabla ya kusagwa ni hasara. Wakataji huingia, lori hupakia, mzani hupima, maabara hupima sukari, kisha makato hufuata: gharama ya kukata, kupakia na kusafirisha, mkopo wa mbolea, na mchango wa chama. Kinachobaki ndicho huingia benki au kwenye simu ya mkulima.

Ugomvi mwingi wa mwisho wa msimu hutoka katika hatua hizo. Mkulima anadai lori lake lilikuwa la tatu kutoka shambani lakini limeandikwa kwa jina la jirani waliyekuwa naye bloku moja. Mwenye lori anadai safari 31, karani ana 29. Mkulima mwingine anakatwa mbolea aliyokwisha kulipia. Shamba limeungua kwa moto usiopangwa, miwa ikavunwa nje ya ratiba, na hakuna aliyeandika saa wala siku ya moto huo.

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 400, kila mmoja akipeleka malori 6 kwa msimu. Hizo ni tiketi 2,400. Karani akikosea tiketi moja tu katika kila 100, tiketi 24 zitakwenda kwa watu wasiostahili au hazitaonekana kabisa. Kama kila lori lilibeba tani 10, zinazogombaniwa ni tani 240. Mwanachama anaweza kuzidisha mwenyewe kwa bei ya msimu wake na kuona kama kosa hilo ni dogo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya programu katika chama cha miwa ni kuifuata tiketi ya mzani tangu shambani hadi kwenye malipo. Ijue tiketi ni ya nani, ya bloku gani, lori gani, moto uliwashwa au ulizuka lini, uzito ni kiasi gani na sukari ni asilimia ngapi. Ikatae tiketi moja kuingizwa mara mbili. Ioneshe tiketi ambayo imepimwa lakini haijalipwa. Mwisho itoe karatasi moja kwa kila mkulima, kwa Kiswahili, inayoonesha kila lori na kila kato kwenye mstari wake, ili aweze kulinganisha na tiketi alizoweka nyumbani. Programu ambayo haiwezi kazi hiyo haifai chama cha miwa, hata kama inachora michoro ya rangi na kutuma salamu za sikukuu kwa wanachama.

MPUNGA WA MASHINE NA MPUNGA WA WATU

Ukishuka kuelekea Ifakara biashara hubadilika na kuwa mpunga. Hapa kampuni ya kawaida ni mashine ya kukoboa yenye ghala pembeni. Mwenye mashine hukoboa kwa malipo, hununua mpunga wake mwenyewe, na pia huhifadhi magunia ya wakulima na wachuuzi wanaosubiri bei ipande. Vitu vitatu tofauti vinakaa chini ya paa moja.

Programu nyingi za dukani hutengenezwa kwa mtu anayenunua na kuuza mali yake. Zikiwekwa kwenye mashine ya mpunga, gunia lililohifadhiwa na mkulima huweza kuonekana kuwa ni mali ya kampuni. Mwenye mashine akiangalia kompyuta anaona utajiri ambao si wake, anakopa au anauza, na siku wenyewe wakija kudai mzigo, ghala halitoshi. Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza fedha katika mashine ya namna hiyo anapaswa kuuliza kwanza swali hilo: hesabu za kampuni zinatenganisha vipi mpunga wa watu na mpunga wa mashine?

Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya 2005 iliweka utaratibu wa ghala lililosajiliwa kutoa stakabadhi kwa mwenye mzigo. Hata ghala ambalo haliko katika utaratibu huo linaweza kujifunza kutoka kwake: kila mzigo unaoingia uwe na mwenyewe, uzito, daraja, tarehe na namba ya stakabadhi.

Jambo la pili kwa mpunga ni kipimo. Programu inayohesabu magunia bila kilo inahalalisha lumbesa. Magunia 100 yanaweza kuwa mzigo wa namna mbili tofauti kabisa, na anayepata faida ni yule aliyejaza au aliyejaziwa. Kilo ziwe ndiyo hesabu ya msingi, gunia liwe chombo tu. Vilevile programu itambue kuwa mpunga ukikobolewa hutoka mchele, chenga na pumba, na kwamba vyote vina bei. Mashine ambayo haioneshi chenga na pumba zimekwenda wapi ina mlango ulio wazi nyuma ya ghala.

KAZI ZINAZOWEZA KUSUBIRI

Baada ya hapo ndipo orodha iendelee kwa utaratibu wa haja. Kwa kampuni nyingi za ukubwa huu, kazi za lazima hazizidi tano: mzigo unaoingia na kutoka, madeni ya kudai na kudaiwa, fedha taslimu na za simu, makato na malipo, na hesabu za mwezi ambazo mkaguzi anaweza kuzifuata. Kampuni ya malori itaongeza mafuta, matairi na matengenezo kwa kila gari, kwa sababu lori moja bovu linaweza kula faida ya mengine mawili bila mwenye mali kufahamu.

Mishahara ya wafanyakazi wanne haihitaji programu. Hali ni hiyo hiyo kwa mipango ya miaka mitano, barua kwa wateja na usimamizi wa matawi ambayo hayapo. Wauzaji husema ni nafuu kununua yote kwa pamoja kuliko kuongeza baadaye. Hoja hiyo ina ukweli pale ambapo kampuni inajua kwa hakika itakua upande gani. Lakini kila kazi iliyonunuliwa huja na ada yake ya mwaka, mafunzo yake, na mtu wa kuingiza taarifa zake. Karani aliyelemewa na kurasa 20 za kujaza huanza kujaza kwa kukisia, na taarifa za kukisia zikishaingia kwenye kompyuta huonekana za kweli kuliko zilivyokuwa daftarini.

Kuna pia kazi ambazo tayari zinafanywa na wengine. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, unaojulikana kama MUVU. Mamlaka ya Mapato ina mashine za kielektroniki za risiti, ambazo zilianza kutumika mwaka 2010. Kampuni za simu zina taarifa za malipo zinazoweza kutolewa kwa mwezi mzima. Chama au kampuni iulize kwanza ni nini tayari kinapatikana huko, kisha idai programu yake ikubaliane na hayo. Kulipia mara ya pili kitu ambacho kipo ni ubadhirifu, na kuwa na hesabu mbili zisizolingana mbele ya mkaguzi ni hatari zaidi.

VIWANGO HUBADILIKA, UMEME HUKATIKA

Kodi na ushuru havikai mahali pamoja. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao ulikuwa unafikia asilimia 5, ulishushwa mwaka 2017 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Programu ambayo kiwango chake kimefungwa ndani, na ambayo lazima fundi aitwe kutoka Dar es Salaam ili kukibadilisha, itakuwa na makosa kila Bunge linapopitisha sheria mpya ya fedha. Uwezo wa kubadilisha kiwango, na kuacha hesabu za zamani zibaki na kiwango cha zamani, ni kazi ya lazima.

Umeme ni suala jingine. Bwawa la Kidatu, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 204, liko karibu na Sanje, lakini kuwa jirani na bwawa hakumzuii mtu kukaa gizani. Mtandao nao una siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zinazopita chini ya bahari zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Programu ambayo hesabu zake zote zinakaa mbali na haifanyi kazi bila mtandao ingesimamisha mzani siku hiyo. Katika msimu wa mavuno, mzani ukisimama kwa siku moja miwa iliyokwisha kuchomwa inaendelea kupoteza sukari shambani.

Hii haina maana kwamba kuweka hesabu mbali ni vibaya. Kompyuta ya ofisini huibwa, hunyeshewa na huliwa na mchwa pamoja na meza yake. Inayotakiwa ni programu inayopokea tiketi hata mtandao ukiwa chini, kisha ikapeleka nakala mtandao unaporudi, pamoja na daftari la karatasi lenye namba zinazofuatana ambalo karani ataendelea nalo umeme ukikatika.

NANI ALIBADILISHA?

Kazi moja ambayo wanunuzi wengi huisahau ni ile ya kuonesha nani alibadilisha nini na lini. Uingereza ilijifunza jambo hili kwa machungu. Programu ya Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ilianza kutumika katika ofisi za posta mwaka 1999. Ikawa inaonesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Mamia ya mawakala wa posta walishitakiwa kwa wizi na udanganyifu, wapo waliofungwa na waliofilisika, kwa sababu kompyuta iliaminiwa kuliko wao, nao hawakuwa na njia ya kuona ndani yake ili kujitetea. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo mwaka 2024, robo karne baada ya programu kuanza.

Karani wa chama cha miwa anaweza kukutwa na balaa kama hilo, na mkulima vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo tarakimu iliyokwisha kuingizwa isifutike. Ikikosewa, isahihishwe kwa ingizo jipya lenye jina la aliyesahihisha na sababu yake. Anayeingiza tiketi asiwe yule yule anayeidhinisha malipo. Mwenyekiti asiwe na ufunguo wa kila mlango kwa sababu tu ni mwenyekiti. Mkaguzi wa COASCO au wa nje apewe njia ya kusoma kila kitu bila kuweza kubadilisha chochote.

Majina, namba za vitambulisho na za simu za wanachama nazo si mali ya kutembeza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwajibisha anayezikusanya. Programu ioneshe ni nani anaruhusiwa kuziona, na mkataba useme muuzaji haruhusiwi kuzitumia kwa biashara nyingine.

WANAOTETEA DAFTARI

Wapo wazee wa vyama wanaosema daftari linatosha. Hawapaswi kupuuzwa. Daftari halihitaji umeme, kila mtu anaweza kulisoma, na mwandiko uliofutwa huonekana. Chama chenye wanachama 40 na tiketi chache kinaweza kubaki nalo bila hasara yoyote, au kikatumia Excel pamoja na karani mwaminifu. Lakini daftari halimwambii mtu ni tiketi ipi haijalipwa mpaka mkulima aje kulalamika, na kurasa zikifika elfu mbili hakuna anayerudi nyuma kuzikagua. Hapo ndipo kompyuta inapostahili fedha yake.

Wapo pia vijana wanaotaka programu itengenezwe upya kwa ajili ya chama chao peke yake. Njia hiyo hugharimu, na siku kijana huyo akipata kazi Dodoma chama hubaki na kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua. Ni vyema kuanza na programu zilizokwisha kuzoeleka sokoni kwa upande wa uhasibu, kama vile Tally, QuickBooks au Sage, ambazo wahasibu wengi wanazifahamu, kisha kutengeneza sehemu ndogo ya tiketi za mzani tu kama haipatikani.

JARIBIO KABLA YA MALIPO

Njia ya kuandika orodha haina ugumu. Watu watatu, yaani karani, mwenye lori na mkulima mmoja asiye kiongozi, wafuate mzigo mmoja tangu shambani hadi malipo. Waandike kila karatasi iliyotumika, nani aliiandika, nani aliipokea, na ni ugomvi gani uliwahi kutokea hapo. Kila ugomvi ugeuzwe kuwa kazi moja ya programu. Kazi zipangwe katika mafungu mawili: za msimu huu na za baadaye. Kisichoweza kuhusishwa na karatasi yoyote wala ugomvi wowote kiondolewe.

Baada ya hapo muuzaji aitwe na apewe tiketi 100 za msimu uliopita, zikiwemo zile zilizoleta matata. Aziingize mbele ya kamati. Majibu ya programu yalinganishwe na malipo yaliyofanyika. Ikishindwa kuonesha tiketi iliyorudiwa au kato lililozidi, biashara iishie hapo, hata kama bei imepunguzwa. Ikifaulu, mkataba uandikwe kwa kutaja kazi hizo moja baada ya nyingine, gharama ya mwaka wa pili na wa tatu kwa shilingi, watu wasiopungua wawili watakaofundishwa Sanje kwenyewe, na haki ya chama kuchukua taarifa zake zote siku kitakapoamua kuhama. Sehemu ya malipo ibaki mpaka malipo ya kwanza ya wakulima yatoke bila kosa.

Wakati wa kufanya kazi hii ni kabla kiwanda hakijaanza kusaga. Msimu ukishaanza hakuna karani mwenye nafasi ya kujifunza, na programu mpya inayoingizwa katikati ya mavuno huacha nusu ya tiketi daftarini na nusu kwenye kompyuta. Chama ambacho hakijamaliza orodha yake kufikia wakati huo kinashauriwa kumaliza msimu kwa daftari, kihifadhi tiketi zote kwa mpangilio wa tarehe, na kununua msimu ujao. Wanachama na wenye hisa nao wasiridhike kuambiwa kwenye mkutano mkuu kuwa "tumenunua mfumo". Waombe kusomewa orodha ya kazi zake, na kila mmoja aulize karatasi yake ya makato itatoka lini.